Glovu za Mwenye Mashine

Nina duka la dawa Njiro, na maboksi ya glovu hayakosekani kwenye rafu nyuma yangu. Nawauzia manesi, wafuga kuku, akina dada wa saluni. Mteja akichagua zisizomfaa namsema bila kumung'unya maneno. "Dada, hizo ni za kupimia wagonjwa, utashika nazo waya? Zitachanika hata hujaanza kazi." Kuna wanaoniita mwalimu. Kwa hiyo mtu akitaka kunitetea kwamba sikujua glovu ipi ni ya kazi ipi, atakuwa anajisumbua. Nilijua vizuri sana. Ndiyo maana jambo hili lilinikaa kooni muda mrefu, na hata sasa naliandika huku uso unawaka.

Ilianza na mashine. Mteja wangu mmoja alikuwa anahama mji, akaniuzia mashine ya kutafutia vyuma ardhini. Ni fimbo ndefu yenye sahani chini na visikizio vya kuvaa masikioni. Ukipitisha sahani juu ya chuma kilichofukiwa, inalia. Huku kwetu hakuna asiyejua habari za mali ambayo Mjerumani aliifukia akikimbia vita. Kila mtu ana shemeji wa rafiki yake aliyekuwa anachimba shimo la choo akakuta sanduku la sarafu za rupia, ingawa huyo shemeji mwenyewe hajawahi kuonekana. Mimi niliamini. Siyo kidogo, niliamini kabisa, mpaka nikawa nawaza rangi ya vigae vya nyumba nitakayojenga. Mume wangu alicheka mpaka akaketi chini.

Aliyenikubalia ni wifi yangu peke yake. Ni dada wa mume wangu, mkubwa kwake, fundi cherehani wa Sakina, anaishi na mama yao chumba kwa chumba na mashine yake ya kushonea. Sisi sote ni Wachaga tulioletwa Arusha na kutafuta maisha, na ni Wakatoliki, kwa hiyo kazi yake kubwa ni magauni meupe ya komunyo ya kwanza. Vitambaa vinapitia cherehani, lakini shanga na lesi za kifuani anashona kwa mkono, usiku na mchana, na akina mama wanatoka mpaka Usa River kumfuata yeye. "Twende wifi," aliniambia siku nilipomwonyesha mashine. "Tukikosa rupia, tutapata hewa safi."

Rafiki wa mume wangu ana shamba la kahawa juu ya Tengeru, ukipanda kuelekea mlimani, na katikati ya migomba kuna msingi wa nyumba ya kizungu ya zamani. Akatupa ruhusa kwa masharti mawili: kila shimo tulifukie, na tukikuta kitu cha maana tumwite kwanza. Basi Jumamosi mbili tukaenda na mikono mitupu. Mimi nashika mashine, wifi anachimba. Tulivuna misumari, kijiko kimoja, na kifuniko cha kopo. Upupu ulituwasha, siafu wakampanda wifi mpaka kwenye viwiko, na mara moja alishika chupa iliyovunjika, bahati tu haikumkata. Hapo ndipo nilipotangaza, kwa sauti ya mwenye duka la dawa, kwamba bila glovu hatuendi tena.

Tulikwenda kuzitafuta Sakina, kwenye duka moja la vifaa vya kazi jirani na mafundi magari. Wanauza buti za mpira, kofia ngumu na miwani ya wachomeleaji. Mwenye duka alikuwa baba mmoja mwenye maneno mengi, na tulipomwambia tunachimbua vyuma vya zamani alifurahi utadhani na yeye ana fungu lake. Akatupangia mezani glovu za kila aina. Zile za mitumba za baridi kali, nene kama mto wa kulalia, akaziweka pembeni mwenyewe: "Hizi ukishika sarafu hutajua kama umeshika sarafu au kinyesi cha mbuzi." Za mchomeleaji akasema zinazuia moto lakini vidole havikunjiki. Kisha akatoa za ngozi ya ng'ombe, laini kiganjani, ngumu mgongoni, zenye mkono mrefu unaofika karibu na kiwiko. Akatufundisha kuzipima. Nusa kwanza, zikinuka plastiki siyo ngozi. Zigeuze ndani uone mshono kama ni wa nyuzi mbili. Vaa, kunja ngumi, halafu okota shilingi sakafuni. Ukiiokota kwa mara ya kwanza, hizo ndizo.

Wifi alivaa yeye kwanza. Akakunja ngumi, akainama, akaokota shilingi mara moja, akacheka. "Hizi zimenipenda, wifi."

"Nipatie jozi mbili," nikamwambia muuzaji.

"Ya ngozi imebaki hiyo moja, mama. Mzigo unakuja wiki ijayo. Nyingine ninazo hizi za pamba zenye mpira kiganjani, za wabeba matofali. Lakini nisikufiche, chuma chenye makali kinapita humu kama kisu kwenye mkate." Akatutazama, mmoja mmoja. "Nani kati yenu anatia mkono shimoni?"

Lilikuwa swali la maana kuliko yote aliyouliza siku ile, na jibu lake lilikuwa limesimama pale limevaa glovu. Nikajibu upesi, "Sote." Kisha nikanyoosha mkono kwa wifi. "Hebu lete na mimi nijaribu."

Zilinikaa vizuri. Nikaokota shilingi kwa mara ya tatu, lakini niliiokota. Nikasema, na maneno haya nayakumbuka moja moja, "Mwenye mashine ndiye anayekuwa wa kwanza kwenye hatari. Wewe chukua hizo za pamba, nyepesi, mkono wako umezoea vitu vyepesi." Mtu anayeshika mashine, jamani! Anashika mpini wa plastiki! Hata glovu ya kufulia hahitaji. Lakini mashine ilikuwa yangu, safari ilikuwa yangu, na sijui nilikuwa na kiburi gani kilichoniambia kwamba kitu kizuri kikiwa kimoja lazima kiwe cha mwenye safari. Wifi alinitazama kidogo. Akatabasamu. "Haya bwana, mwenye mashine." Tungeweza kusubiri wiki moja. Niliona mvua za masika zinakaribia, nikasema hapana, Jumamosi hii hii.

Jumamosi ikafika. Meru ulikuwa umejifunika mawingu na manyunyu yalikuwa yameanza, udongo mweusi unanata kwenye buti. Karibu na msingi wa ile nyumba mashine ililia ambavyo haijawahi kulia. Haukuwa ule mlio wa msumari. Ilikuwa inapiga kelele mfululizo, upana wa meza nzima. Nikamwambia wifi, "Hapa! Ndilo lenyewe!" Akapiga magoti akaanza na jembe dogo. Shimo likishakaribia kitu huwezi kuendelea na jembe, utakivunja. Sehemu ya mwisho ni ya mkono. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko.

"Kuna kitu bapa," akasema. "Kina ukingo."

"Vuta!"

"Kimebana. Ngoja nichimbe pembeni."

Nilikuwa nimevaa visikizio, mlio umejaa kichwani, nikawa namfokea pasipo kujua ni kwa sauti kubwa kiasi gani. Ama nilijua. "Wewe naye! Vuta bwana, mvua hiyo inakuja, unakibembeleza cha nini?"

Akavuta.

"Yeleuwi!" Wifi yangu hana kelele, miaka yote sijamsikia akipandisha sauti. Alitoa mkono na ile glovu nyeupe ya pamba haikuwa nyeupe tena. Ilikuwa imepasuliwa kiganjani kutoka upande mmoja mpaka mwingine. Nikamvua, nikaiacha palepale kwenye matope, nikamfunga na mtandio wangu nikimwambia abane, abane, mikono yangu mizima ndani ya ngozi ya ng'ombe. Kabla ya kuondoka nilichungulia shimoni. Hazina yetu ilikuwa kipande cha bati. Na hata la Mjerumani halikuwa. Pembeni lilikuwa bado na rangi ya bluu.

Hospitalini wakamlaza kitandani nyuma ya pazia wamsafishe na kumshona. Daktari akaniambia msuli mwembamba unaokunja kidole cha shahada umekatika, watajaribu kuuunganisha, lakini hawezi kuahidi. Mkono wa kulia. Nilikuwa bado nimesimama pale karibu na pazia mume wangu alipofika na mama yake. Mama ni mtu wa kuuliza jambo kabla hajaketi.

"Si niliambiwa mlinunua glovu?"

Jibu la kweli lilikuwa fupi tu. Tulinunua, mama, mimi nikachukua nzuri. Glovu zangu zilikuwa kwenye mkoba begani, zina damu yake, hazina hata mchaniko. Nikafungua mdomo na kilichotoka ni hiki: "Alivua, mama. Nilimwambia avae akasema zinamtoa jasho. Unamjua mwenyewe."

Neno hilo halikunichukua hata muda wa kufikiri. Ndicho kinachonitisha mpaka leo, jinsi lilivyotoka laini. Mama akapiga makofi mara moja, akatikisa kichwa. "Mbishi huyu. Mbishi tangu tumboni." Nyuma ya pazia hakukuwa na sauti yoyote. Nikajiambia amechomwa sindano ya ganzi, amelala.

Kidole hakikurudi. Kilipona, kovu likafunga vizuri, lakini kilibaki kimenyooka hakikunjiki. Cherehani aliweza kuendesha. Kushika sindano ndogo akatia shanga moja baada ya nyingine, hapana. Alijaribu mbele yangu siku moja, sindano ikawa inamponyoka, akawa anaiokota, inamponyoka, mpaka akaiweka kwenye kikopo akasema tunywe chai. Akina mama wa magauni wakaanza kuja kuchukua vitambaa vyao. Walikuwa na heshima zao, wakija na pole na kilo ya sukari, kisha wanaondoka na vitambaa kuvipeleka kwa fundi mwingine.

Na kila aliyekuja, mama alimpa habari. Kwenye jumuiya alisema, kwa majirani alisema, mezani alisema. "Wifi yake alimnunulia glovu, alimsihi, akakataa. Ubishi wake umemponza." Wifi alikuwa anakaa pale pale, anasikiliza habari zake kama za mtu mwingine. Hakujitetea hata mara moja. Mimi nilichofanya ni kuwa mwema. Yaani nilikuwa mwema mpaka kero! Mafuta ya kuchulia, dawa, nyama kila Jumatano, kumpeleka mazoezi ya mkono na kumrudisha. Nilidhani nikiongeza wema kwa upande huu, upande ule utapungua. Badala yake mama akaanza kunisifia. Jumapili moja, nyumba imejaa wageni kutoka kanisani, alinishika bega. "Mungu hakuninyima. Amenipa mkamwana anayesikia kuliko niliyemzaa." Wakati huo wifi alikuwa anaingia na chupa ya chai, ameibeba kwa mkono wa kushoto. Alinimiminia mimi kwanza. Sikuweza kuinywa ile chai. Nilisingizia tumbo nikaondoka, nikalia garini kwenye foleni ya Sakina kama mwehu.

Kwetu Uchagani, ukimkosea mtu na ukashindwa pa kuanzia, unampelekea jani la sale. Ni mmea ule tunaopanda mipakani, wenye majani marefu. Unalifunga fundo moja, unampa. Na mtu akiletewa sale hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Ugomvi mkubwa wa ndugu umemalizwa hivyo, na watu wanaojua mila wanaliogopa. Njiro tuna kuta na nyaya za umeme, sale utalitoa wapi. Kesho yake nikaenda Tengeru kwa mama mmoja anayeuza miche. Analo, analiuza kama ua la kupamba sebule. Nikamwomba anikatie jani moja tu. Alinitazama usoni, akanisalimu kwa Kichaga, akalikata na hakutaka hela. Niliona haya kwa sababu alielewa.

Lakini nisijipambe. Sikulichagua lile jani kwa sababu ya unyenyekevu. Nililichagua kwa sababu halikataliwi. Mpango wangu ulikuwa nimkute wifi peke yake, nimpe, alazimike kunisamehe, yaishie kati yetu wawili. Mama asisikie. Niendelee kuwa mkamwana anayesikia. Nilipiga hesabu hiyo njia nzima kutoka Tengeru mpaka Sakina, jani lenye fundo lake limelala kwenye kiti cha pembeni.

Nilimkuta kwenye chumba chake cha kushonea, anafumua mshono kwa mkono wa kushoto. Mama alikuwa uani. Nikafunga mlango, nikatoa sale, nikalishika kwa mikono miwili.

"Wifi, nimekuja kukuomba msamaha."

Hakulipokea. Alilitazama, kisha akaendelea kufumua. "La nini?"

"La ile siku. La glovu. Na..." Nikalizungusha jani mikononi. "Na nilichomwambia mama hospitalini."

"Ulivyosema kwamba nilivua."

Nikalishusha jani. "Ulisikia?"

"Nilikatwa kidole, wifi. Sikukatwa masikio."

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Miezi yote hii, kwa nini hakusema? Nadhani nilimwuliza kwa hasira, Mungu anisamehe, kana kwamba yeye ndiye aliyeniacha niendelee.

"Ningesema nini? Mama aliamini hata hujamaliza. Ningesema, ningekuwa mbishi tena." Alikata uzi kwa meno. "Ile ya glovu nilishakusamehe siku ile ile. Ulitaka kizuri, basi, nani hataki. Hili jani usinipe mimi. Mimi sikudanganywa. Aliyedanganywa yuko uani anamenya ndizi. Mpelekee."

Nilikuwa naweza kuondoka. Niliangalia mlango wa mbele, nakiri, niliuangalia. Kisha nikapita mlango wa nyuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja saa ngapi? Kaa, tunapika mtori." Alikuwa kwenye kigoda, ndizi mbichi kwenye beseni, mikono imejaa utomvu. Nikapiga magoti kwenye saruji nikamnyooshea lile jani. Alipoliona aliacha kumenya.

"Mama, hakuvua glovu. Alikuwa amevaa. Nilimpa mbovu nikabaki na nzuri, na mimi ndiye niliyemwambia avute. Wewe uliponiuliza nikakudanganya."

Ng'ambo ya ukuta mafundi walikuwa wanagonga chuma. Nilisubiri anitukane, nilitamani anitukane.

"Siku zote hizi ulikuwa unajua?"

"Ndiyo, mama."

"Na Jumapili zile nikimsema mbele za watu, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Na nilipokusifu?"

Alijifuta mikono kwenye khanga, taratibu, kidole kimoja kimoja, kisha akalichukua lile jani mkononi mwangu. Nikashusha pumzi. Haki ya Mungu nilishusha pumzi, nikawaza, limekwisha, amelipokea, nimesamehewa.

Akainuka kwa kujishikilia ukuta, maana magoti yanamsumbua, akanipita bila kunigusa. Akaingia ndani. Nilimfuata mpaka mlangoni. Alisimama mbele ya binti yake, na yule mama ambaye sijawahi kumwona akimwomba radhi mtu yeyote, wala mume wake alipokuwa hai, akaanza kujikunja kuelekea sakafuni, goti moja, kisha la pili, ameshika sale kwa mikono miwili.

"Mwanangu," akasema, "nimekukosea. Nilikuita mbishi mbele za watu. Nisamehe."

"Mama, hapana! Mama, inuka!" Wifi aliruka kutoka kwenye kiti, akaangusha mkasi, akamkamata mabega amwinue, na ule mkono wa kulia haukuweza kumshika vizuri, ukawa unateleza kwenye nguo, wote wawili wanalia pale sakafuni. Mzazi kumpigia magoti aliyemzaa, kwetu ni kitu ambacho mtu anaweza kufa hajakiona. Mimi nilikiona nikiwa nimesimama mlangoni kwa miguu yangu miwili, na hakuna hata mmoja wao aliyegeuka kunitazama.